Stima Ziko Bandarini

Dirisha namba tatu nikasema, "Nataka stima."
Karani akainua macho,
akatazama begi langu, akatazama viatu vyangu,
akajibu taratibu,
"Stima ziko bandarini, dada. Hapa ni umeme."
Foleni nzima ikacheka.
Nikacheka nami, nimechelewa kidogo,
kama redio mbovu inayofika mwisho wa taarifa
wenzake wameshaanza muziki.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Yangu ilikuwa ya karatasi:
kibali cha kazi, mkataba wa nyumba,
picha mbili zenye uso wa mtu anayedaiwa,
na barua ya mjumbe,
na mjumbe, Mama Ngollo, hayupo,
amevuka kwenda Ukerewe harusini,
atarudi Alhamisi, meli ikipenda.
Basi karani alisema kweli.
Umeme wangu ulikuwa unasubiri stima.

Nyumba iko juu Igogo, imekumbatia mawe.
Jiwe moja limeingia hadi jikoni;
fundi alishindwa kulitoa, akalipaka rangi.
Nkwabi alipanda na mtungi wa gesi begani,
ngazi mia na kumi na mbili
(nilizihesabu mimi, yeye alikuwa anapiga mluzi),
akajaribu kichwa cha gesi nilichokibeba toka Kisumu
kimefungwa ndani ya soksi.
Akakigeuza. Akakipulizia.
Akanirudishia kwa mikono miwili, kama ndege aliyekufa.
"Hiki ni cha kwenu."

Siku nne nilikula mkate na parachichi
kwa mwanga wa simu, simu nayo
ikichajiwa kwa jirani.

Alhamisi meli ilipenda.
Mama Ngollo aliweka barua yangu gotini,
muhuri ulikuwa mkavu, akauhemea,
akagonga.
Jioni nikabonyeza tarakimu ishirini
kidole kikitetemeka kwenye ya kumi na saba,
mita ikalia mara moja, taa ikawaka,
na simu ikaniandikia:
Mteja: LUBANGO M. NGASSA.

"Nani huyu?"
Bi Nyamizi alikuwa anachambua dagaa mlangoni
(omena, moyo wangu ukanong'ona, omena).
"Alikaa hapo kabla yako. Tulimzika mwezi wa tatu.
Alipenda kukaanga samaki usiku, tukalala na njaa
ya harufu."
Kisha akaongeza, "Jina hubadilishwa. Kuna fomu."

Fomu ninayo. Iko juu ya jiwe la jikoni.
Kila nikinunua umeme wa elfu tano
anashukuriwa Lubango,
nami namjibia, karibu,
nageuza samaki upande wa pili.

Yalibaki maji.
Huku juu hayapandi mchana, nilikwisha ambiwa;
mchana hunywewa na walio chini.
Saa nane na robo usiku bomba likakohoa.
Kwanza upepo, halafu kutu, halafu yenyewe.
Nikaweka ndoo, beseni, sufuria, hata kikombe.
Haya haya tuliyachota bure nikiwa mdogo,
tukiyasukuma magugu kwa kiwiko,
mama akiliita ziwa Nam,
na huku nimekuta wanaliita Nyanza
nalo linaitika kote kote.
Sasa yamepandishwa mlima kwa pampu,
yamepita kwenye mita,
yamefika yakihema kuliko Nkwabi.

Nikanawa uso. Nikasimama gizani nikidondoka.
Ng'ambo ya ukuta ndoo nyingine ilikuwa inajaa;
niliisikia sauti yake ikipanda, ikipanda,
ikikaribia shingo.
"Yamekuja?" akauliza Bi Nyamizi.
"Yamekuja."
"Usifunge," akasema. "Yaache yakatike yenyewe."